Matrona na Wimbo wa Nyumba Yao

Matrona alikuwa akijisifu kwamba katika mji mzima wa Kuskan, mji wa wavuvi kwenye pwani ya baridi, yeye peke yake ndiye aliyewahi kusafiri kwa meli ya ghorofa kumi na mbili tangu bandari ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akapanda treni, kisha basi, mpaka bara ndani kabisa, bila kutoa senti. Akishajisifu hivyo, na kabla mtu hajapata nafasi ya kumwonea wivu, mwenyewe huongeza: "Vikongwe wenzangu wote waliitwa. Wakakataa, ila mmoja aliyeishia baharini. Wao wana akili."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa. Kampuni ya meli ilitaka wazee wawili wa pwani wakae mezani wasuke vikapu vya mizizi ya msonobari, abiria wapite wawapige picha. Aliyemletea habari hiyo alikuwa Wendell, mtoto wa marehemu mdogo wake wa kike, ambaye mwaka wa tatu sasa alikuwa kiongozi wa watalii katika meli hiyo hiyo.

"Mama Mkubwa, wewe kaa tu," alimwambia. "Suka. Tabasamu. Chakula ni masaa ishirini na nne."

"Na choo?"

"Choo pia."

"Basi hao watu wana ratiba nzito," alisema Matrona, akakubali.

Hakukubali kwa ajili ya chakula. Alikubali ili amchunguze Wendell.

Kaka yake, Ignatius, alikuwa amefariki vuli iliyopita. Mwezi wa kumi ungefika, nao wangefanya karamu kubwa ya kumaliza msiba, na siku hiyo jina la Ignatius lingevishwa mtu mwingine. Kwa watu wa Matrona jina kama lile halizikwi na maiti. Lilikuwa la mjomba wa Ignatius, na la mjomba wa mjomba wake, na mwenye jina ndiye mwenye kuvaa kofia ya nyumba, yaani ya ukoo, na kusema kwa niaba ya nyumba. Na kwa kuwa kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, wanaume waliobaki wa kulichukua walikuwa wawili tu: Wendell, na kitoto cha miaka minne kilichozaliwa Tacoma, mji wa mbali kusini, ambacho samaki pekee kinayemjua ni yule wa kuvingirishwa unga.

Matrona asiposimama mbele za watu kumkubali Wendell, jina lingeingia sandukuni pamoja na kofia. Nyumba isiyo na msemaji huketi kwenye karamu za wenzake kama jiwe, inakula na kunyamaza. Naye Matrona alikuwa na miaka sabini na sita, hangeishi kungoja mtoto wa Tacoma aote ndevu.

Kwa hiyo alimhitaji Wendell. Tatizo ni kwamba alimdharau.

Alimdharau tangu alipoanza kufuga nywele, kwa sababu hakuzifuga alipokuwa mvuvi, alizifuga alipopata kazi ya kupigwa picha. Alidharau meno yake, ambayo yalikuwa mengi kuliko maneno ya kweli yaliyopita katikati yake. Hata hivyo, siku ya arobaini ya Ignatius, Wendell alisimama mbele ya watani wao wa upande wa Tai, kwani kwao kila mtu huzaliwa Kunguru au Tai na pande hizo ndizo huoana, akaapa kwamba hatausimulia kamwe mkasa wa nyumba yao kwa wageni, wala kuuimba wimbo wake. Ni mkasa wa ndugu wawili waliozama kwenye mkondo, na wimbo ni ule ambao dada yao aliuimba ufukweni akilia na kuwaita. Ulinunuliwa kwa maiti mbili. Hauimbwi mahali pa kula aiskrimu.

"Ameapa," Matrona alisema siku ile.

"Hata paka huapa akishashiba," alijibu Fedosia.

Huyo Fedosia ndiye kikongwe wa pili aliyepanda meli. Yeye ni wa upande wa Tai, mtani wake wa tangu utotoni, na utani wao ulikuwa wa kuumana. Waliketishwa kwenye meza moja chini ya ngazi kubwa, kati ya duka la saa na mashine ya aiskrimu, kila mmoja na kikapu chake. Kibao mbele yao kiliandikwa MABIBI WA PWANI. Fedosia alikigeuza kikatazama ukuta. Mhudumu akakirudisha. Fedosia akakigeuza. Kazi hiyo iliendelea siku saba.

Abiria walikuja kwa mafungu, kila baada ya mlo, yaani mfululizo.

"Bibi, hii ni mizizi kweli?" aliuliza mwanamama mmoja wa Ohio, Darlene, aliyevaa koti jipya lenye picha ya nyangumi.

"La, ni nywele za mume wangu wa kwanza," alisema Matrona.

Darlene alirudi nyuma hatua moja, kisha akapiga picha.

"Na huwa mnaishi huku mwaka mzima?"

"Aa, hapana," alidakia Fedosia. "Nyie mkiondoka, wanazima taa wanatukunja kabatini."

"Jamani, kwa miaka mingapi sasa?"

"Toka Warusi walipoitawala pwani hii."

Mume wa Darlene, bwana mnene asiyetoa miwani ya jua hata ndani ya lifti, alitaka kujua kama wale nyangumi wangetokea kabla ya chakula cha mchana au baada. Matrona akamwambia nyangumi wanafuata saa za Seattle. Bwana yule akaandika.

Meli ilifika Ketchikan, ikafika Juneau, ikafika Skagway. Kila mji abiria walimiminika chini kama njugu zilizotobokewa na gunia, wakaingia maduka ya vito yaliyokuwa ng'ambo ya gati, wakanunua pete za mawe ya nchi za joto, wakarudi mbio wasikose chai. Nyuma ya maduka yale kulikuwa na miji yenye watu, na nyuma ya miji milima, na juu ya milima mbuzi mwitu weupe waliosimama wakitazama yote hayo. Hakuna aliyeinua shingo.

"Umeuonaje mji?" Matrona alimwuliza Darlene.

"Mzuri! Una punguzo la asilimia sitini."

Siku ya barafu ndiyo ilikuwa ya aibu zaidi. Meli ilisimama mbele ya ukuta wa barafu wa samawati, mrefu kuliko kanisa lolote, na watu wote wakajazana kwenye sitaha wamejifunga mablanketi, supu mkononi. Kipande kikubwa kikamomonyoka, kikaanguka baharini kwa kishindo cha radi. Wakapiga makofi.

"Wanaipigia makofi barafu," alisema Fedosia.

"Labda itarudi jukwaani iiname," alisema Matrona.

Hayo yote yalikuwa mzaha. Kazi yake halisi ilianza jioni, Wendell aliposhika kipaza sauti katika ukumbi wa mbele. Matrona alikuwa akiingia polepole, anakaa safu ya mwisho karibu na mlango, mikono juu ya mkoba, na kusikiliza kama paka kwenye tundu la panya. Siku ya kwanza Wendell alieleza Kunguru alivyoiba jua. Hicho ni kisa cha kila mtu, hata watoto wa shule hukiigiza. Siku ya pili, Kunguru na jua. Siku ya tatu, Kunguru na jua, akapiga ngoma kidogo. Vikorombwezo vilikuwa vingi, na alikuwa akifumba macho kwa namna ambayo Ignatius angemrushia kiatu, lakini hakuvuka mpaka.

Siku ya tano mtu mmoja aliinua mkono. "Huna wimbo wa maombolezo utuimbie? Kitu cha kugusa moyo?"

Matrona akaubana mkoba kwa mikono miwili.

"Ninao," alisema Wendell. "Lakini si wangu kuwapa."

Matrona alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Usoni pake, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kulipita kitu ambacho Fedosia alipokiona kesho yake alikitilia shaka papo hapo.

"Umekula nini wewe? Unang'aa."

"Mwanangu ni mtu."

"Kwa kuwa hakuiba mbele ya askari?"

"Mtani, una roho mbaya."

"Nina pua. Samaki asiyenuka hata kidogo, mimi humgeuza nione kama ni wa plastiki." Fedosia alikata mzizi kwa meno. "Yule anajua upo pale nyuma, Matrona. Kila akimaliza sentensi anakutazama wewe, hawatazami wao."

"Na sisi wa Kunguru, tangu lini tunafundishwa na Tai habari za watoto wetu?"

"Tangu mlipoanza kutuoa ili mpate akili."

Waliagana Seward, ambako bahari iliishia kwa upande wao na safari ya nchi kavu ikaanza. Mkataba wa Fedosia uliishia pale. Wa Matrona uliendelea, kwa sababu yeye aliomba, na Wendell alipojua ameomba alitabasamu kwa kuchelewa kidogo.

"Utachoka, Mama Mkubwa. Ni siku mbili za kukaa tu."

"Nimekaa wiki nzima, kazi nimeshaizoea."

Treni ilikuwa na paa la kioo ili abiria wapate kuona mbingu wakiwa wanakula. Mtu mmoja akapiga kelele, "Dubu!" na behewa zima likahamia upande wa kushoto. Lilikuwa jiwe. Walilipiga picha kumi na tano kabla halijapita, na Darlene alishika kifua.

"Mbona hasogei?"

"Ameshiba," alisema Matrona.

Mlima mkubwa, ambao ndio walioulipia, ulikuwa umejifunika mawingu, na kwa maoni ya Matrona hiyo ilikuwa dalili ya malezi bora. Duka la stesheni liliuza fulana zilizosema NIMEUONA. Zilikwisha.

Waliposhuka kwenye treni wakapanda basi. Dereva wake alikuwa mzee wa rika la Matrona, mwembamba, kofia ya kitambaa, mtu wa kule kule bara, wa kijiji kimoja cha mto Yukon. Aliitwa Esai. Alimwona Matrona akihangaika na ngazi, akashuka, akampa mkono, na kumkalisha kiti cha mbele ambacho kilikuwa na karatasi iliyosema KIMEHIFADHIWA. Karatasi aliitia mfukoni.

"Unatoka chumvini, kwenye bahari," alimwambia walipokwisha kwenda maili kumi.

"Umejuaje?"

"Umeuangalia mto kama mtu anayeuonea huruma."

Matrona akacheka.

Nyuma yao Wendell alikuwa amepata kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, tangu enzi na enzi, watu wetu wa milima hii wamekuwa wakiwinda..."

Matrona akageuka kitini. "Watu wako wa mlima gani, wewe? Si ulitapika kwenye ngazi za mnara wa kanisa?"

"Mama Mkubwa, tafadhali..."

"Hii ni nchi ya watu. Mwenye nchi ndiye huyu hapa anaendesha, na amenyamaza. Wewe mgeni ndiye mwenye domo!"

Abiria walifurahi sana, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Esai hakugeuza kichwa. Ila Matrona aliyaona macho yake kwenye kioo, yakicheka, kisha yakiwa na adabu ya kutocheka.

Walipofika hoteli ya magogo iliyokuwa ukingoni mwa msitu, magoti ya Matrona yalikuwa yamevimba kama mikate. Wendell ndiye aliyemfikisha chumbani. Akamletea supu. Akamletea blanketi la pili, akamvua viatu, akaviweka sawasawa chini ya kitanda.

"Leo usije ukumbini, Mama. Ni porojo zile zile. Pumzika."

"Utasimulia nini?"

"Kunguru na jua. Kwani nina kingine?"

Mlango ulipofungwa, Matrona alilala akitazama mwanga wa jua la kiangazi cha kaskazini, lisilotaka kuzama, akapiga hesabu ya moyo. Kijana ana majivuno. Lakini Ignatius naye alikuwa nayo, ujana wake wote alitembea amevaa kofia ya rubani na hakuwahi kukanyaga ndege. Kijana ni mwongo mdogo mdogo. Lakini ya nyumba hajayagusa. Siku tisa, hajayagusa. Na viatu amevipanga. Alipokuwa anasinzia alikwisha kuamua: asubuhi angemwambia kwamba mwezi wa kumi atasimama, atamshika bega mbele ya Tai wote, na atalitamka jina. Alilala usingizi mzito, wa mtu aliyeutua mzigo.

Asubuhi alijikongoja mpaka chumba cha kulia. Wendell alikuwa meza ya pembeni na sahani ya mayai. Akaruka kumvutia kiti.

"Umeamkaje, Mama Mkubwa? Magoti?"

"Yapo. Na wewe? Mambo ya jana yalikwendaje?"

"Kawaida tu."

"Ulisimulia nini?"

"Si nilikwambia? Kunguru na jua."

"Basi?"

"Basi. Wakapiga makofi wakaenda kulala." Alichovya mkate kwenye kiini cha yai. "Hawa hata ukiwasomea orodha ya kufulia watalia."

Matrona alikitazama kikombe chake cha kahawa. Maneno aliyoyapanga yalikuwa mazuri, na alitaka kuyasema polepole, kwa kuwa hakukusudia kuyasema mara mbili.

"Wendell, mwanangu. Mwezi wa kumi ukifika..."

Hapo kivuli kikaangukia meza. Alikuwa Esai. Leo kofia alikuwa ameivua, ameishika kifuani kwa mkono mmoja, nywele amezichana kwa maji. Mkono mwingine ulibeba kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa uzi, kinachonuka moshi wa samaki.

"Dada," alisema, "nisamehe nimekukatiza chakula. Nina basi la saa mbili, sitakuona tena."

"Karibu, ndugu yangu. Kaa."

"Nitasimama. Jambo lenyewe si la kukaa." Alikiweka kifurushi mbele yake, taratibu, kwa mikono miwili. "Ni samaki wa kwetu, wa mto. Najua nyinyi wa chumvini mnawacheka. Lakini mke wangu ndiye aliyewakausha. Pole sana kwa kaka yako."

Matrona alimshukuru. Kisha kitu kikamgota. "Nani kakwambia nimefiwa na kaka?"

Mkate wa Wendell ulisimama nusu ya njia kwenda mdomoni.

"Jana, ukumbini," alisema Esai. "Nilikuwa nimesimama mlangoni, nangoja mizigo. Mwanao alipokwisha kuwasimulia habari za wale ndugu wawili wa mkondoni, akaimba. Aliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini alipomaliza, watu wakapiga makofi." Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeona kinyesi kwenye ngazi za kanisa na hataki kumtaja mwenye mbwa. "Sijui desturi zenu. Kwetu wimbo wa msiba ukiimbwa, mtu wa upande mwingine lazima anyanyuke aujibu, usianguke chini na machozi ya watu. Nikatazama huku na huku. Hakuna. Basi nikasema pale sina budi mimi. Nikaenda mbele nikajibu kwa maneno ya kwetu, machache. Nimekuja uniambie kama nimekosea."

Meza ya jirani Darlene alikuwa akimwaga asali juu ya chapati za maji, na bwana mwenye miwani alikuwa akiuliza kama kifurushi kile kinauzwa.

"Hukukosea," Matrona alimwambia. Sauti yake ilitoka ndogo. "Umefanya kazi ya watu wote waliopaswa kuwepo."

"Amechanganya, Mama," alisema Wendell haraka. Meno yote yalikuwa nje. "Mzee amechanganya. Ile ni ya... niliiokota tu mahali, ni hadithi ya kubuni, ile si yetu. Ya kwetu mimi siwezi. Si unanijua?"

Esai alimgeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kumsaidia mwenzake akumbuke.

"Siwezi kuurudia, kijana, si wangu. Lakini ulisema wewe mwenyewe, kabla hujaanza. Ulisema ni wimbo wa nyumba ya mama yako, na kwamba jina la marehemu mjomba wako ni lako kuanzia mwezi wa kumi, mambo yamekwisha. Ukasema mama yako mkubwa ndiye aliyekupa ruhusa kwa kinywa chake. Eti alitaka sana asimame pembeni yako, ila magoti." Akamrudia Matrona. "Ndiyo maana nimekuja, dada. Nilijiuliza, huyu mama amekubali jambo zito namna hiyo, kisha akabaki peke yake chumbani bila mtu wa kumpa pole."

Matrona aliusogeza mkoba, akakivuta kifurushi cha samaki mpaka kikafika kifuani pake. Kisha akamtazama Wendell, mkate bado unachuruzika kiini mkononi.

"Haya, mwanangu," alisema. "Basi la Mzee ni la saa mbili. Mwambie haraka: hiyo ruhusa nilikupa siku gani?"

Wendell aliuweka mkate kwenye sahani. Akatazama mlangoni.

"Mama Mkubwa," alisema, "nadhani uliponipa ulikuwa umelala."